Makoti ya Bendi na Kifua cha Fundi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku kubwa! Nimepewa kazi ya kushona makoti ya bendi ya shule. Makoti ishirini na mawili. Kitambaa rangi ya damu ya mzee, jora zima, kimeletwa dukani na Mwalimu wa Bendi mwenyewe, amekikumbatia kama mtoto mchanga. Mwanamke mfupi, shingoni kaning'iniza filimbi. Amesema amesikia mimi ni fundi ninayeijua kazi. Sikumkatalia.

Fundi Viatu, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa mlangoni kwake anajifanya anagonga msumari kwenye kisigino. Alisikia yote. Msumari wenyewe haukuwepo.

Watakaosoma shajara hii nikishakufa (watakuwepo) wajue jambo moja. Binti yangu yumo kwenye bendi hiyo. Nyumbani tunamwita Kimya, kwa sababu tangu azaliwe maneno yake ya kutwa nzima unaweza kuyatia kwenye kisanduku cha kiberiti. Aliingia bendi miezi mitatu iliyopita bila kumwambia mtu. Tuliona tu mtoto anaamka alfajiri bila kuitwa, anapiga meza ya jikoni kwa vijiko viwili huku midomo ikihesabu. Mimi nilidhani ni minyoo.

Leo nikamuuliza anapiga chombo gani. Akasema ngoma kubwa. Nikamuuliza mwenye ngoma kubwa anakaa wapi kwenye mstari. Akasema nyuma kabisa.

Nyuma kabisa! Binti wa fundi! Na mwana wa Fundi Viatu anapiga tarumbeta la kwanza, mstari wa mbele, baba yake ameshamtangazia kila anayekuja kubadilisha soli. Nilikosa hamu ya chakula. Nimekula kidogo tu, mara mbili.

Kuna na habari mbaya. Mwalimu wa Bendi kasema Jumamosi ya tarehe 15 wazazi watakutana shuleni, bendi itapiga mbele yao, kisha watanyoosha mikono: bendi ibaki au ivunjwe. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yule Daktari wa Meno, anataka chumba cha bendi kiwe darasa la masomo ya ziada. Anasema tarumbeta linapoteza muda na kusukuma meno nje. Nimemweleza Kimya. Hakujibu, jambo la kawaida. Ila alichukua vile vijiko viwili akavirudisha kabatini taratibu, akaenda kukaa peke yake uani. Mama yake kanong'ona kwamba mtoto analia. Sijawahi kumwona analia tangu aache kunyonya.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimekwenda shuleni kupima. Chumba cha bendi kiko nyuma ya stoo. Madirisha mawili, harufu ya shaba na soksi. Ukutani wamebandika karatasi: ANAYECHELEWA ANAWACHELEWESHA ISHIRINI NA MMOJA. Mkali, yule mwanamke.

Hata futi sijaikunjua, Mwalimu wa Bendi akaniambia niwapime wakiwa wamevuta pumzi hadi mwisho, hasa wapuliza tarumbeta, maana kifua cha mpulizaji hakitulii mahali pamoja. Ebo! Miaka kumi na tisa juu ya cherehani, leo nifundishwe kushika futi na mtu wa filimbi! Mimi simfundishi kupuliza.

Bahati nzuri, mwalimu akaitwa ofisini. Nikawaambia watoto wasimame wima, watoe pumzi yote, tumbo ndani. Mtu akitoa pumzi anakuwa nadhifu, na koti linamkaa. Mwana wa Fundi Viatu nikamwambia atoe tena. Na tena. Macho yakamtoka. Nikaandika kipimo hicho haraka kabla hajafufuka.

Kuna siri hapa, naiandika kwa sababu shajara haina mdomo. Vidole vitatu vikipungua kwenye kila koti, mara ishirini na mbili, kinabaki kitambaa cha koti moja la mtu mzima. Mtu mzima mwenye umbo la heshima. Simtaji jina. Ila Jumamosi hiyo, bendi ikiingia uwanjani, mtu lazima atangulie mbele, na kama si binti basi ni baba.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimefunga duka mapema kwenda kumwombea Kimya nafasi ya mbele. Nilikuwa na hoja tatu. Kwanza, ngoma ni nzito na mtoto ni mwembamba. Pili, ngoma inamficha: akiibeba yanaonekana macho na miguu tu, kama ngoma imeota miguu. Ya tatu ni Fundi Viatu. Hiyo sikuisema.

Mwalimu wa Bendi akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia amewajaribu watoto wote kwenye ile ngoma. Wakifurahi wanakimbia, wakiogopa wanakimbia zaidi. Kimya peke yake ndiye hakimbii. Akasema bendi nzima inatembea kwa mkono wa mtoto huyo.

Nikamshukuru. Nimeelewa alichomaanisha. Amekosa mwingine wa kubebeshwa mzigo.

Kurudi dukani, lo! Fundi Viatu katundika kibao: MHUDUMU RASMI WA VIATU VYA BENDI. Eti kapewa jozi zote azipige rangi. Nimetafuta ubao mkubwa kuliko wake. Nimeandika kwa rangi nyekundu: MLEZI MKUU WA MAVAZI YA BENDI. Nimeutundika juu zaidi, nikaanguka kwenye kigoda, lakini ubao haukuanguka. Cha muhimu ndicho hicho.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimepata mbinu. Bendi hii haina kiongozi wa fimbo, yule anayetangulia akiirusha juu na kuidaka. Kimya akijua kurusha fimbo, Mwalimu hatakuwa na la kusema. Mbele ya tarumbeta la kwanza!

Fimbo ya kununua sina. Nikachomoa ile ya pazia la sebuleni, nikaipachika kitasa cha shaba cha mlango wa chooni. Ilipendeza. Nikamwita Kimya uani, nikamwonyesha jinsi ya kurusha. Mrusho wa kwanza, juu ya bati. Wa pili, kwenye beseni la nguo. Wa tatu sikumbuki vizuri, ila nina nundu hapa juu ya nyusi ya kushoto.

Kimya akaja na kitambaa cha maji baridi, akanikanda. Akasema, baba, mimi naipenda ngoma. Maneno manne mfululizo, bila kuulizwa! Nilifurahi hadi nikasahau kuyazingatia.

Halafu mama yake akafunga mlango wa chooni. Ukagoma kufunguka, kitasa kikiwa kwenye fimbo. Amekaa ndani hadi seremala alipokuja. Alipotoka aliniita Baba Kimya kwa sauti ya chini mno. Bora angepiga kelele.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Heshima juu ya heshima. Mwalimu wa Bendi ametuma karatasi: ameomba niseme machache kwenye mkutano, kama mzazi, kuhusu faida za bendi kwa vijana. Nadhani aliuona ubao.

Nimekaa na kalamu. Faida ya kwanza: makoti. Faida ya pili: vifungo vya dhahabu. Ya tatu ikakataa kuja, nikamuuliza mke wangu, si kwa sababu sijui, bali kumshirikisha.

Akasema, huku anachambua mchele, kwamba Kimya anaamka mwenyewe. Kwamba mwaka jana alikuwa anatembea kichwa chini kama aliyeangusha sindano, sasa anatazama watu. Kwamba hesabu zake zimepanda tangu aanze kuhesabu mapigo. Kwamba juzi walikuja wasichana watatu wa bendi hapa nyumbani, wa kwanza maishani kuja kumtembelea mtoto huyu, wakamaliza mkate wote, na alicheka nao hadi akapaliwa. Kwamba siku alipokosea wimbo mzima hakukimbilia kitandani, alirudi siku ya pili akaupiga upya.

Nikamwambia hayo ni mambo ya kawaida ya nyumbani, wazazi wanataka kitu kizito. Akaendelea na mchele wake. Nimeandika faida ya tatu: watoto hujifunza kuwaheshimu mafundi.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Makoti yamekwisha! Ishirini na mawili kwenye kamba moja, kola zimesimama, mishono kama imechorwa kwa rula. Nimeyatazama hadi machozi yakanilenga. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi mwaka huu lazima nitunzwe.

Watoto wamekuja kujaribu. Kila mmoja aliambiwa asimame wima na atulie. Wamependeza mno! Mwana wa Fundi Viatu akasema lake linambana. Nikamwambia ni kitambaa kipya, hakijamzoea.

Mwalimu wa Bendi akataka wapige wimbo mmoja wakiwa wamevaa, aone. Nikaruka. Nikamwambia kitambaa hiki kikiguswa na jasho kabla ya siku yake kinapauka. Huo ni uongo nilioutunga papo hapo, na ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilianza kuuamini. Akauliza kama niliwapima wamevuta pumzi. Nikamwambia mwalimu, kazi ya fundi haiulizwi. Akasema, haya basi.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Koti langu limekamilika. Lina mikia miwili nyuma hadi magotini. Vifungo kumi na sita, na mabega ya kutosha watu wawili. Nimelivaa mbele ya kioo cha duka, nikatembea hatua sita kwenda, sita kurudi, duka haliruhusu saba.

Mke wangu akaingia. Baba mkwe alikuwa fundi, kwa hiyo mke wangu anajua mambo ambayo mke wa fundi hafai kuyajua. Akauliza kitambaa kimetoka wapi. Nikamwambia ni mabaki. Akasema jora la watoto ishirini na wawili halibakizi mkia wa koti, sembuse miwili. Nikamwambia ni ustadi wa kukata. Akaniuliza, na hili sikulipenda, kama nakumbuka kesho ni siku ya nani.

Kimya alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu saa ngapi. Akalitazama koti, akanitazama mimi, akasema, limekupendeza, baba. Kisha akaomba kitu kimoja: kesho nisifanye chochote, niketi tu nimtazame. Nikamwahidi. Kuvaa si kufanya.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Nitaandika yote.

Uwanja wa shule umejaa, viti hadi kwenye ukuta. Daktari wa Meno meza ya mbele, karatasi zake zimebanwa na jiwe. Mimi nimekaa kiti cha ukingoni, koti limefunikwa na shuka, nasubiri wakati. Fundi Viatu kando yangu. Viatu vya watoto vinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Sikumwambia.

Bendi ikaingia, na mimi nikavua shuka nikatangulia. Watu wakapiga makofi! Nilitembea hatua kumi na moja za fahari ambazo hazijawahi kutembewa na mtu wa ukoo wetu. Nilipokuwa shule bendi ilinikataa, wakasema sina sikio. Leo nilikuwa mbele yake, mikia ikipepea. Nikafika mbele ya meza, nikageuka kuwapokea.

Matarumbeta saba yakainuliwa. Watoto saba wakavuta pumzi.

Kwanza nilisikia mlio mdogo, tak. Kifungo cha mwana wa Fundi Viatu kilipita sikioni mwangu kikampiga Daktari wa Meno katikati ya paji la uso. Tak, tak, tak! Vikaruka vingine kama bisi zikipasuka. Mshono wa kwapa wa koti la mpuliza tromboni ukaachia kwa kelele ambayo mimi, mimi niliyeushona, niliitambua. Koti moja likapasuka mgongoni kutoka kola hadi kiunoni. Wimbo ukafa. Tarumbeta moja likatoa sauti ya mbuzi, likanyamaza. Ngoma ndogo zikapotea njia. Uwanja mzima ukacheka, na watoto wakasimama wameshika vifua vyao, wengine wanataka kulia. Daktari wa Meno akainuka na kifungo mkononi.

Nikaona mwisho wa bendi. Nikaona vile vijiko viwili vikirudi kabatini. Nilitamani ardhi inimeze na mikia yangu, nikarudi kinyumenyume hadi kitini.

Ila kulikuwa na kitu hakijasimama. Tu. Tu. Tu. Tu.

Kimya. Ngoma imemfunika hadi puani, macho mbele, mkono unapanda na kushuka. Hakukimbia, wala hakuchelewa. Watu wanacheka, yeye tu, tu, tu, tu. Nikawaona watoto wanageuza vichwa kuutafuta mlio ule. Mwana wa Fundi Viatu akavua koti lake, akalikunja vizuri (nilimpenda kwa hilo), akaliweka chini. Wote wakavua wakabaki na mashati meupe. Ngoma ndogo zikaingia. Kisha tarumbeta la kwanza, kisha sita yaliyobaki, na wimbo ukarudi palepale ulipokatikia, mkubwa kuliko ulivyoanza. Hakuna aliyecheka tena. Wakazunguka uwanja hatua moja, miguu arobaini na minne kama ya mtu mmoja. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa analia wazi.

Wimbo ulipokwisha Daktari wa Meno akasema wazazi wamejionea wenyewe, hii ndiyo bendi, fujo. Akawanyooshea watoto kidole. Akamwita mwenye ngoma, akamuuliza kwa nini yeye aliendelea wakati wenzake wote wamesimama, hakuona kilichotokea?

Nikainuka kumjibia. Mke wangu, aliyeketi nyuma yangu, akanivuta mkia.

Kimya akaitua ngoma. Akasema, kwa sauti iliyofika hadi ukutani, kwamba aliona kila kitu. Na kama naye angesimama, wenzake wangerudi wapi?

Daktari wa Meno akakiweka kile kifungo mezani. Baba mmoja akainuka akasema mwanawe alikuwa haamki bila kumwagiwa maji, siku hizi ndiye anayemwamsha yeye. Mwingine akasema wake aliacha kushinda barabarani. Kisha wakaniita mimi nitoe faida zangu tatu.

Nikasimama. Watu wakalitazama koti langu: mabega, mikia, vifungo kumi na sita visivyotikisika hata kimoja. Kisha wakatazama makoti ya watoto pale chini. Nikaona wanajumlisha. Karatasi ikanikatalia mkononi. Nikasema yule mwenye ngoma ni wangu, nilidhani ana minyoo. Nikaketi.

Mikono ilinyooshwa. Mke wangu alikuwa wa kwanza. Fundi Viatu alinyoosha miwili, wakamkatalia mmoja. Bendi imebaki! Hata Daktari wa Meno mwishowe alinyanyua wake, chini chini, kama anakuna sikio.

Binti yangu! Nimewaambia watu wote hadi getini. Nimemwambia na mlinzi, na mlinzi alikuwepo.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Mwalimu wa Bendi amekuja nyumbani. Hakugomba, hilo ndilo baya. Akasema Jumamosi ijayo watoto wamealikwa kupiga kwenye ufunguzi wa maktaba mpya ya mji, na makoti yanahitaji kuongezwa ubavuni. Akasema duka alikonunua jora halina tena rangi ile. Kisha akaangalia msumari wa ukutani lilipotundikwa koti langu. Mke wangu naye akaangalia msumari. Hata paka aliangalia msumari.

Nikachukua mkasi. Sitaki kuandika mengi. Mkia wa kwanza umetoa vipande vya makoti matano. Mkasi ulipoingia begani nilisikia uchungu mwilini kabisa, hapa. Nilimwambia mke wangu ni vumbi la kitambaa limeniingia machoni.

Kimya akaja akaketi kando yangu na wembe, akaanza kufumua mishono. Na akawa anaongea! Kutwa nzima! Kanieleza jinsi Mwalimu anavyowavutisha pumzi wakiwa wamelala chali na kitabu tumboni. Kanieleza kwamba mwana wa Fundi Viatu alikuwa anaogopa watu, akitapika kabla ya kila onyesho, na wao wote wanamzunguka mpaka atulie. Nilimuuliza kwa nini hasa ngoma, na kwa nini nyuma. Akasema ukiwa nyuma unawaona wote, unajua nani amechoka na nani amepotea, na wanakusikia hata wasipokutazama. Akasema hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote alipowahi kuwa.

Nikaacha kushona kidogo. Huyu ni yule mtoto wa kisanduku cha kiberiti! Nikamwambia najivunia yeye kuliko kitu chochote nilichowahi kushona. Akainamisha kichwa akaendelea kufumua, lakini alikuwa anatabasamu. Nikamwomba radhi kwa makoti. Akasema yameisha, baba, ila safari hii tuwapime wamevuta pumzi.

Jioni watoto wamekuja, tumewapima wamevuta pumzi. Mwana wa Fundi Viatu ana kifua! Hata baba yake kashangaa. Amelisifu koti. Nimevisifu viatu, kidogo.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Nimeamka na akili safi. Nimeyatafakari maneno ya Kimya ya jana, yote, moja baada ya jingine, na nimeuelewa ujumbe wake. Mtoto huyu hasemi wazi, lazima baba asome katikati ya mistari. Anasema akiwa nyuma anawaona wote. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba wao hawamwoni! Analalamika, maskini, kwa adabu zake.

Kumtoa nyuma sitamtoa, ameshasema anapapenda, na mimi ni mzazi msikivu. Nitampandisha juu. Nimeshakwenda kwa seremala. Jukwaa la mbao lenye magurudumu manne, kimo cha mtu mzima, ngazi tatu, ngoma katikati na Kimya juu yake. Mji mzima utamwona hata aliyeko nyuma ya maktaba. Seremala aliuliza kama Mwalimu wa Bendi anajua. Nikamwambia Mwalimu atafurahi akiliona. Akauliza breki. Nikamwambia barabara ya maktaba ni ya mteremko, halitakwama popote.

Kimya sijamwambia, nataka asikie raha ya ghafla.

Bila shaka atahitajika mtu wa kulisukuma. Na mtu huyo hawezi kutokea mbele ya mji mzima na shati la kazini. Mchana nimepita kule mapazia yanakouzwa. Wana kitambaa cha kijani chenye nyuzi za fedha, wamenikatia kipande nikakijaribu kwenye mwanga. Kinanipendeza.